C ni ya Fundi, D ni ya Mwenyewe

Philémon Cirhuza alikuwa fundi wa kompyuta, lakini ole wako umwite fundi. Fundi, alisema, ni yule wa kushona viatu kando ya soko. Yeye alikuwa ingénieur, yaani mhandisi, na neno hilo alikuwa amelichapisha kwenye kadi, kwenye fulana na nyuma ya pikipiki yake. Chuo kilichompa cheo hicho hakuna aliyewahi kukiona. Ilikuwa miezi minne katika karakana ya jamaa mmoja wa Nguba, ambako alijifunza kufungua mashine, kupuliza vumbi, na kanuni moja aliyoishika kuliko amri kumi za Mungu: C ni ya fundi, D ni ya mwenyewe.

Usiicheke kanuni hiyo kabla ya kuielewa. Katika kompyuta nyingi za mji huu wa Bukavu diski hugawanywa vipande viwili. Kipande kiitwacho C kina mfumo na programu, yaani vile vitu vinavyoiamsha mashine na kuifanya itumike. Kipande cha D kina barua, picha na makaratasi ya mwenye mashine. Mashine ikiugua, fundi anafuta C na kuweka mfumo upya, na D haiguswi. Kila mteja amefundishwa hivyo, kuanzia Kadutu hadi Muhumba, na kwa miaka mingi kanuni hiyo imeokoa watu. Ubaya wake ni mmoja tu: inamruhusu mpumbavu afanye kazi bila kusoma kilichoandikwa mbele ya macho yake.

Jumanne asubuhi ingénieur aliitwa kwenye parokia moja ndogo, kwenye mteremko wa Muhumba. Padri wa pale, abbé Dany, alikuwa kijana aliyependa kila kitu kipya, mradi kiwe kipya. Kompyuta ya ofisi ilikuwa inawaka polepole kiasi cha mtu kumaliza rozari nzima akiingoja, naye abbé alikuwa ameagiza diski ya kisasa, ile inayoitwa SSD, isiyo na sahani inayozunguka ndani. Tangu ndege ziache kushuka uwanja wa Kavumu, vitu vya namna hiyo vinakuja kwa barabara, na hii ilivuka mpaka ndani ya mkoba wa sista mmoja, katikati ya soksi.

Philémon aliufurahia mwito huo kwa sababu mbili. Kwanza, kazi ya parokia inatangaza jina kuliko redio. Pili, alikuwa na shida yake palepale. Jumamosi ya wiki ile, saa nne asubuhi, alikuwa afunge ndoa na Francine, mshonaji wa Kadutu, na padri wa kule alikuwa amemwambia mara tatu kwamba bila cheti cha ubatizo kutoka parokia alikobatizwa, hakuna ndoa. Philémon alibatizwa hapohapo Muhumba, mwaka 1995, baba yake alipokuwa mlinzi kwenye nyumba ya tajiri mmoja. Mara tatu aliahidi kwenda kukichukua cheti, na mara tatu hakwenda. Ingénieur alikuwa na shughuli nyingi.

Ofisini alimkuta maman Godelive, sekretari, mama wa miaka sitini na saba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi na sauti isiyopanda hata siku moja. Kiti kile alikikalia tangu mwaka 1988. Vitabu vya ubatizo aliviandika kwa mkono wake, mpaka mwaka ule paa lilipovuja, mvua ikaingia kabatini, na nyuma ya mvua wakaja mchwa. Hapo Godelive alianza kunakili majina kwenye kompyuta kabla karatasi hazijaisha. Alinakili kwa miaka sita, kwa vidole vyenye baridi yabisi, majina elfu nne mia tatu na kumi na mawili. Vitabu vyenyewe vikageuka unga, na kopi nyingine ya karatasi haikuwako. Majina yale yalikaa kwenye D, nayo D aliipa jina ili hata mjinga asikosee: BATISIMU.

"Karibu, mutoto yangu," alimwambia Philémon. "Mbele ufungue iyi machine, wacha nikutolee kwanza karatasi yako. Abbé ameniambia unaoa samedi. Ni vingt minutes tu, imprimante ikikubali."

Dakika ishirini! Philémon alicheka mpaka akashika meza.

"Vingt minutes? Na iyi antiquité? Hapana, maman. Nikishamaliza, itatoka mu secondes huit. Sikiliza vile inalia: krrr, krrr. Disque ya zamani iko sawa na kichwa ya muzee. Inazunguka, inazunguka, kisha inasahau. Ile mupya haiko na kintu ya kuzunguka."

Godelive alimtazama juu ya miwani yake. Watu waliomfahamu wangemwambia kijana yule kwamba ukimya wa mama huyo si wa kuuchezea, lakini debe tupu likishaanza kuvuma halisikii lingine.

Basi ikaonekana kwamba ingénieur amekuja kuweka mfumo bila flash ya kuuwekea. Ameisahau atelier, karakanani kwake. Flash pekee iliyokuwepo ilining'inia kwenye ufunguo wa Godelive, pamoja na medali ya Bikira Maria.

"Iyi hapana," alisema Godelive. "Mu iyi njo muko copie ya batisimu."

"Copie ya nini, maman, na D iko palepale? C ni yangu, D ni yako. Mimi D siigusake, ata mara moja."

Abbé Dany aliingiza kichwa mlangoni. "Maman Godelive, tumuachie ingénieur afanye kazi yake. Il faut évoluer." Padri huyo alipenda sana kuwahimiza watu waendelee, ingawa yeye mwenyewe alikuwa hajui wino wa imprimante, ile mashine ya kuchapia, unaingilia wapi.

Godelive aliifungua flash kwenye ufunguo, akaiweka mezani. "Abbé amesema," alisema. Alikuwa amewatii mapadri kwa karibu miaka arobaini, na hilo ndilo kosa lake pekee katika hadithi hii. Akaenda jikoni kuwachemshia chai.

Flash ya kubebea mfumo lazima ifutwe kwanza. Kompyuta ndogo ya Philémon ilimwonya kwamba vyote vilivyomo vitapotea, naye akabofya ndiyo kabla macho hayajafika mwisho wa sentensi, maana kusoma maonyo aliona ni kazi ya wanaoanza. Hivyo kopi ya Godelive ikaondoka hata chai haijachemka.

Halafu akafungua mashine ya parokia, akaifunga diski mpya pembeni ya ile ya zamani, akaiwasha kwa flash. Kwenye skrini ikaja orodha safi: hii diski, ukubwa wake huu, na hii nyingine, ukubwa wake huu. Kilichobaki ni kuonyesha ile mpya na kusema weka hapa. Mtoto wa darasa la nne anayejua kusoma angemaliza kazi kwa nusu saa na kwenda kucheza. Lakini abbé Dany alikuwa amesharudi na mama wawili wa kwaya ili waone maendeleo, na ingénieur hawezi kubofya mbele ya watu kama karani. Akafungua dirisha jeusi, lile la kuandikia amri kwa herufi nyeupe.

"Wengine banabofyaka," aliwaambia mama wa kwaya. "Siye ba-ingénieur tunaandikaka."

Mama wa kwaya wakasema eeh.

Sasa sikiliza jambo ambalo bwana wa Nguba hakumfundisha, kwa kuwa naye hakulijua. Ndani ya dirisha jeusi, mfumo wa zamani ukiwa umelala, herufi zinagawiwa upya. C ya huku si lazima iwe C ya kule. Siku ile, kwa jinsi diski zilivyopangwa, D ya Godelive ndiyo iliyopewa herufi C. Philémon, ili aondoe kwanza mfumo wa zamani kwa kanuni yake, akaandika: futa C.

Na mashine, iliyokuwa na akili kuliko bwana wake, ikasita. Ikamwambia kwamba kitu hiki kina jina. Kama kweli unataka kukifuta, andika jina lake kwanza. Philémon akaliuliza jina, nayo ikamjibu kwa herufi kubwa: BATISIMU.

Mtu yeyote mwenye nusu ya akili angeondoa mikono pale na kumwita Godelive. Philémon alicheka.

"Abbé, ona uyu maman! Ata C ameiita Batisimu. Siku moja ataita na thermos Batisimu!"

Abbé akacheka, mama wa kwaya wakacheka. Philémon akaandika lile jina, herufi kwa herufi, bila kukosea hata moja, akabonyeza. Ilichukua muda wa kupiga chafya mbili, na miaka sita ya Godelive ikawa haipo.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya kujionyesha, nayo aliifanya vizuri. Mfumo uliingia kwenye diski mpya bila tatizo. Zikafuata programu. Mteja wa Bukavu, sijui alirogwa na nani, anapima kazi kwa kuhesabu vipicha kwenye skrini, na fundi anayeacha vinne au vitano huonekana mvivu. Philémon aliweka arobaini na vitatu. Aliweka dawa tatu za virusi, ambazo papo hapo zilianza kugombana zenyewe kwa zenyewe. Aliweka programu ya kuchora maghorofa, ya kupiga disko, na ya kujifunza Kijerumani, yote kwa ajili ya ofisi inayoandika vyeti vya ubatizo na tangazo la misa. Kisha akatazama diski ya zamani. Kipande kimoja kilikuwa kimejaa. Akasema moyoni, hiyo ni D ya maman, siigusi. Kingine kilikuwa kitupu; akasema, hicho nimekifuta mwenyewe. Akakimiminia zawadi yake kwa abbé: filamu za mieleka, za ninja na nyimbo za rumba, mpaka kikafurika. Umeme ulikatika mara mbili alasiri ile, na mara zote mbili alingoja kwa uvumilivu ili kuendelea kuharibu. Jioni akaenda nyumbani akipiga mluzi.

Jumatano asubuhi alirudi na Francine, aliyekuja kuchukua cheti akakipeleke Kadutu. Francine alikuwa msichana wa maneno machache, mwenye futi ya kushonea shingoni hata siku asiyoshona. Alikaa kwenye benchi, mkoba wa kitambaa cha gauni magotini. Abbé Dany alibonyeza kitufe mwenyewe, wakahesabu kwa sauti, na kwenye nane skrini ikawaka na vipicha vyake arobaini na vitatu. Watu wakapiga makofi.

"Nilisema, sikusema?" Philémon aliinua kidevu. "Sasa maman, batisimu yangu. Secondes huit!"

Godelive alikaa, akafuta miwani, akafungua D. Akateremsha orodha mpaka mwisho.

"Batisimu iko wapi?"

"Iko mu D, maman."

"Mu D muko batu banapigana."

Philémon alicheka kicheko kifupi, akashika mashine, akafungua kipande kingine, kile alichodhani ni cha maman. Kilikuwa mfumo wa zamani, makorokoro yale ambayo ndiyo aliyopaswa kuyafuta. Akafunga, akafungua tena, kama mtu anayerudia kupapasa mfuko aliokwisha kuupapasa. Jasho likamtoka kwenye pua.

"Flash," alisema Godelive. "Copie yangu."

Flash ilikuwa mezani, na ndani yake mlikuwa na mfumo tu. Philémon hakuhitaji kuifungua. Alikaa chini, akatafuta programu ya kufufua vilivyofutwa, akaiachia itafute. Ilitafuta saa mbili nzima. Fundi mwenye akili angefuta na kuacha patupu, na labda majina yangerudi. Lakini ninja na wanamieleka walikuwa wamekalia kila nafasi. Programu ikafufua vipande vya filamu na nusu ya wimbo. Jina la binadamu aliyebatizwa halikurudi hata moja.

Abbé Dany alisema "Mon Dieu", halafu akakumbuka kwamba kuna mgonjwa anamngoja kupakwa mafuta. Kabla ya kuondoka alipiga simu Kadutu, hilo tumhesabie. Jibu lilikuwa jepesi kusema: bila karatasi, aletwe shahidi mmoja aliyeuona ubatizo kwa macho, aape na kutia sahihi. Baba yake Philémon alikuwa amekufa. Mama yake alikufa Philémon akiwa na miaka minne. Baba wa ubatizo alikwenda Shabunda kutafuta dhahabu, na huu ulikuwa mwaka wa kumi bila habari zake.

Francine aliyasikia yote kutoka kwenye benchi. "Machine ilikuuliza jina ya kintu unafuta," alisema, "na weye ukaisoma, na ukaiandika?"

"Nilizania..."

"Hukuzania. Kuzania kunaombaka kichwa."

Ndipo Philémon alipoona aibu ya kweli. Kupoteza majina ya watu hakukumchoma sana, tuseme ukweli. Kilichomchoma ni kuliona gauni lile ndani ya mkoba na Francine asiyemtazama.

"Mimi nilikuwako," alisema maman Godelive.

Wote wakageuka.

"Nilikuwako siku ya batisimu yako. Mimi njo nilishika kitambaa ya kukupangusa kichwa, na mimi njo niliandika. Minaweza kuapa."

Philémon akapiga magoti palepale, ingénieur mzima, na kadi zake mfukoni. Kinyozi hajinyoi.

"Aksanti, maman, aksanti sana! Basi tuandike mbio mbio, Francine apeleke."

"Tutaandika," Godelive alisema. "Lakini weye hauko peke yako mu ile buku. Nao bale bengine, siku moja bataoa, bataingiza batoto ku masomo. Nitaapa ku fasi yako, ku mustari yako. Keti."

"Mustari yangu iko wapi?"

"Mwaka ya tisini na tano. Tutaanza fasi nilianzia: ya themanini na munane."

"Maman! Ndoa iko samedi!"

"Na leo iko mercredi. Disque yangu iko ya zamani, inazunguka, krrr, krrr. Lakini nimeandika ile majina mara mbili, moja na kalamu, moja na machine, na haijasahau. Kwenye nitasahau, tutaita mama zao. Andika."

Philémon alimtazama Francine ili apate wa kumtetea. Francine alitoa sindano na gauni, akaanza kushona pindo. "Andika," alisema naye.

Basi akaandika. Ndipo likajulikana jambo jingine: ingénieur alikuwa anaandika kwa vidole viwili. Diski mpya, ya kuwaka kwa sekunde nane, haikuwa na la kufanya ila kumngoja atafute herufi. Godelive alifumba macho na kutaja: jina, siku, baba, mama, baba wa ubatizo, na pale alipokwama alisema "acha fasi", nafasi ibaki tupu, na kuendelea. Hakuchoka, hakuinua sauti. Jumatano ikaisha wakiwa kwenye mwaka wa tisini. Alhamisi dawa tatu za virusi ziligombana tena na mashine ikaganda, na Philémon mwenyewe akaziondoa, kisha akaondoa disko, na Kijerumani, na maghorofa, bila kuambiwa na mtu. Akaona haya kuendelea kuviona. Abbé Dany alichungulia mara moja, akaona wanavyofanya, akarudi zake kimya.

Ijumaa saa tisa alasiri wakafika mwaka wa tisini na tano, mwezi wa sita.

"Philémon," alitaja Godelive. "Alizaliwa huku Muhumba. Baba, Cirhuza, sentinelle. Mama, Colombe, mulimaji, wa Mudaka. Sahihi ya mama: kidole gumba."

Vidole viwili vikaandika. Godelive hakutaja jina la pili. Alikuwa amefumbua macho.

"Mama yako hakujua kusoma," alisema. "Nilipomaliza kuandika aliniomba nimuonyeshe jina yako iko fasi gani. Nikamuonyesha. Akaweka kidole juu yake, akaniomba nisome. Nikasoma. Akasema, soma tena. Nilisoma mara tatu, na batu banangoja nyuma yake. Kisha akaniuliza: iyi haitafutika? Nikamuambia, hapana, maman, iyi ni ya siku zote."

Philémon aliacha kuandika. Alikuwa hana picha ya mama yake, wala nguo, wala kaburi analolijua vizuri. Sasa alijua kwamba kulikuwa na mstari mmoja ambao mama huyo aliugusa kwa kidole, na kwamba yeye mwenyewe, mbele ya watu, huku akicheka, ndiye aliyeandika amri ya kuufuta. Akalia bila kujificha. Francine aliinuka kutoka kwenye benchi. Kutoka ndani ya mkoba alichomoa flash mpya, bado imo katika karatasi yake, akaiweka mezani kando ya mkono wa Philémon.

Maman Godelive alingoja mpaka kijana apanguse macho ili aweze kuona skrini.

"Sauvegarder kwanza, uichunge, kisha nitaapa na kutia sahihi," alimwambia. "Mu machine, na mu flash. Na mara iyi, soma yenye inakuuliza."